Jinsi ya Kukata Rufaa NHS Inapokataa Kulipia Matunzo ya Mzazi Wako England

Barua ya kukataliwa ikifika, maswali huwa yale yale. Nina muda gani? Niandike nini? Lazima niwe na wakili? Niache kulipa makao ya wazee? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ya barua mpaka kwa Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko. Unahusu England peke yake. Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na Scotland iliuacha mfumo huu mwaka 2015, kwa hiyo tarehe na hatua za hapa hazimfai mzee anayeishi huko.

Fedha zinazozungumziwa ni za NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, chini ya mpango uitwao NHS Continuing Healthcare, au CHC kwa kifupi. Mtu mzima akikubaliwa kwamba hitaji lake kuu ni la kiafya, NHS hulipa matunzo yake yote aliyopimiwa. Kama yuko kwenye makao ya wazee, hilo ni pamoja na chumba na chakula. Haiulizi ana akiba kiasi gani wala kama ana nyumba. Msaada wa halmashauri ni kitu kingine kabisa, kwa sababu huko mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe. Kwa familia nyingi uamuzi huu ndio unaoamua kama nyumba ya mzazi itauzwa au la.

Shika jambo hili kabla ya kuanza: jina la ugonjwa halishindi rufaa. Wawili wenye dementia ya hatua moja wanaweza kupata majibu tofauti, na majibu yote mawili yakawa sahihi. Kinachopimwa ni mahitaji ya kila siku, na kinachoaminiwa ni kile kilichoandikwa na watu waliokuwa zamu siku hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya uamuzi kutoka Integrated Care Board, yaani ICB, bodi ya NHS ya eneo lenu inayoamua, pamoja na bahasha yake au barua pepe inayoonyesha siku ilipofika.
- Nakala kamili ya Decision Support Tool, fomu ndefu ya tathmini ambayo wote huiita DST. Ikiwa hukupewa, iombe leo.
- Checklist, ile fomu fupi ya mchujo iliyotangulia.
- Toleo la National Framework, mwongozo wa kitaifa wa CHC, lililotumika kwenye uamuzi. Linalotumika sasa ni la Julai 2022. Limewekwa bure kwenye tovuti ya serikali, na ndilo litakalokuwa mezani kwenye kila kikao.
- Uthibitisho kwamba una haki ya kumsemea mzazi: idhini yake iliyosainiwa, au Lasting Power of Attorney (hati ya kukupa mamlaka ya kuamua kwa niaba yake), au amri ya Court of Protection (mahakama ya mambo ya wasio na uwezo wa kuamua). Ikiwa mzazi hana tena uwezo wa kuamua na hati hizo hazipo, bado unaweza kumsemea kwa maslahi yake, ila tarajia kuulizwa maswali mengi zaidi unapoomba kumbukumbu.
- Faili moja yenye kurasa zilizopewa namba. Usidharau hili. Hoja nzuri isiyo na namba ya ukurasa huishia kuulizwa, "Hilo limeandikwa wapi?"

Wakili si lazima. Wapo mawakili wazuri wa eneo hili, lakini gharama zao kwa kawaida hazirudishwi hata ukishinda, na kampuni zinazodai "hushindi, hulipi" huchukua sehemu ya fedha za mzazi zikirudi. Kabla ya kusaini mkataba wowote, zungumza kwanza na Beacon, shirika linalotoa ushauri wa bure kwa simu kuhusu CHC, au Age UK, shirika la kusaidia wazee.

Hatua ya 1: Jua ni uamuzi gani unaoupinga

Barua zinafanana, lakini njia za rufaa hazifanani.

Kama mzazi aliishia kwenye Checklist, hakuna rufaa ya jopo huru (la Hatua ya 9). Unaiomba ICB iangalie upya, na ikikataa unafuata njia ya malalamiko ya NHS. Mara nyingi ni haraka zaidi kuomba Checklist nyingine yenye ushahidi uliopangwa vizuri. Mchujo huu umewekwa chini makusudi. Kila eneo la mahitaji hupewa A, B au C, A ikiwa hitaji kubwa zaidi. Mtu huvuka akipata A mbili au zaidi. Au B tano au zaidi. Au A moja na B nne. Au A moja tu kwenye eneo lenye alama ya nyota.

Kama alifanyiwa tathmini kamili ya DST kisha akakataliwa, fuata hatua zilizobaki hapa chini.

Kama alikuwa akilipiwa na sasa ameondolewa CHC baada ya mapitio, hatua ni hizo hizo, na tahadhari ya ziada iko mwishoni.

Hatua ya 2: Tuma barua fupi ya kupinga

Una miezi 6 tangu tarehe ya kuarifiwa uamuzi. Usingoje mpaka hoja zikamilike. Tuma kwanza barua ya aya tatu, kwa Kiingereza, yenye mambo haya: jina la mzazi, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya NHS, kwamba unapinga uamuzi wa tarehe fulani na unaomba uhakiki, ambao wao huuita local resolution, na kwamba hoja kamili utaziwasilisha ukishapata kumbukumbu. Ambatisha hati ya uwakilishi. Itume kwa barua pepe na uombe wakiri kwa maandishi kuwa wameipokea.

Kosa la kawaida hapa ni kupiga simu. Ofisa atakusikiliza kwa upole, atakupa pole, na hakutakuwa na alama yoyote kwamba rufaa imekatwa.

Hatua ya 3: Omba kumbukumbu zote, kwa maandishi

Kwa mzazi aliye hai, ombi linaitwa Subject Access Request. Ni bure, na muda wa kujibiwa ni mwezi mmoja. Tuma maombi tofauti kwa makao ya wazee au shirika la huduma za nyumbani, kwa daktari wa familia, kwa hospitali, na kwa halmashauri kama kuna ofisa ustawi wa jamii aliyehusika.

Taja kipindi waziwazi. Miezi mitatu kabla ya tathmini ndiyo yenye uzito mkubwa, lakini omba miezi 12 ili mwelekeo wa hali uonekane. Taja pia kila karatasi kwa jina, kwa sababu ukiomba "faili la mama" utaletewa mpango wa matunzo peke yake:

- maandishi ya zamu, mchana na usiku;
- chati za dawa, zinazoitwa MAR, pamoja na sababu za kila dozi iliyokataliwa au ya ziada iliyotolewa;
- chati za tabia, za kugeuzwa kitandani, za kula na kunywa, za choo, na za uzito;
- ripoti za matukio na kuanguka;
- tathmini za hatari na mipango ya matunzo, matoleo ya zamani yakiwemo;
- barua za wataalamu: wa kumeza, wa vidonda, wa afya ya akili, wa viungo;
- maandishi ya wajumbe wa kikao cha tathmini, na barua pepe za ICB kuhusu kesi.

Mipango ya matunzo husema kinachopaswa kufanyika. Maandishi ya zamu husema kilichotokea, na mara nyingi viwili hivi havilingani. Pale visipolingana ndipo rufaa nyingi hupata nguvu.

Hatua ya 4: Pitia DST eneo kwa eneo

DST ina maeneo 12: kupumua, lishe, kujizuia haja, ngozi, mwendo, mawasiliano, hali ya kisaikolojia na hisia, utambuzi, tabia, dawa na udhibiti wa dalili, mabadiliko ya hali ya fahamu, na mahitaji mengine makubwa. Kila eneo hupewa kiwango. Kwenye fomu utaviona kwa Kiingereza: No needs, Low, Moderate, High, Severe na Priority. Hapa tutasema hakuna, chini, wastani, juu, kali na kipaumbele. Si kila eneo lina viwango vyote. Kipaumbele kipo kwenye manne tu: kupumua, tabia, dawa, na hali ya fahamu.

Kipaumbele kimoja, au kali mbili, hutarajiwa moja kwa moja kuleta pendekezo la kukubaliwa. Kali moja pamoja na mahitaji kwenye maeneo mengine, au juu na wastani nyingi, vyaweza pia kuonyesha hitaji kuu la kiafya. Hapo ndipo hoja ya hatua ya 5 inapofanya kazi.

Chora jedwali la safu tano: eneo, kiwango walichotoa, kiwango unachodai, maneno ya fomu yanayolingana, na ushahidi wenye tarehe na ukurasa. Kisha soma maelezo ya kila kiwango neno kwa neno, maana tofauti ya kiwango kimoja na kingine hukaa kwenye maneno machache.

Chukua lishe. Mtu anayelishwa, na ikachukua nusu saa au zaidi, yuko kwenye wastani. Anayepata shida ya kumeza inayohitaji mtu mwenye ujuzi ili asipaliwe na chakula kisiingie kwenye njia ya hewa, yuko juu. Kwa hiyo "hali chakula vizuri" haitoshi. Unatafuta dakika za kila mlo, maelekezo ya mtaalamu wa kumeza, mara alizopaliwa, nani alikuwepo na alifanya nini, na uzito ulishuka kutoka ngapi hadi ngapi.

Au mwendo. Asiyeweza kabisa kubeba uzito wake wala kushirikiana anapohamishwa yuko juu, na aliye kwenye hatari kubwa ya kuanguka pia yuko juu, mradi historia ya kuanguka na tathmini ya hatari zinathibitisha. Kali humhitaji mtu ambaye kumgeuza au kumhamisha kwenyewe kunaweza kumdhuru vibaya na mkao wake ni jambo nyeti. Familia nyingi hudai kali kwa sababu mzazi halisimami tena. Hilo peke yake halifiki. Tafuta barua ya mtaalamu wa viungo kuhusu mikakamao, mifupa dhaifu, maumivu ya kuguswa, au kujeruhiwa wakati wa kuhamishwa.

Kwenye tabia, mpaka wa juu na kali ni huu: je, mpango uliopo kwa kawaida unatosha kuipunguza hatari, au hatari ni kubwa kiasi kwamba wahudumu hulazimika kuchukua hatua ya haraka na ya kiujuzi inayoweza kuwa nje ya mpango? Hesabu matukio kwa mwezi. Andika mara ngapi mpango ulishindwa, mara ngapi aliongezwa mhudumu, mara ngapi dozi ya ziada ilitolewa.

Wataalamu wakishindwa kukubaliana kati ya viwango viwili, maelekezo ya DST yenyewe yanasema wachague cha juu na kuandika tofauti zao. Ukiona kwenye kumbukumbu za kikao kwamba muuguzi alisema juu, ofisa ustawi akasema wastani, na fomu ikaandika wastani, hiyo ni hoja iliyokamilika. Iweke mwanzoni.

Tahadhari: usidai kila eneo. Ukidai kali kwenye maeneo 9, msomaji atakosa imani hata na yale mawili ya kweli. Kubali waziwazi viwango vilivyo sahihi. Hoja tatu au nne zenye ushahidi mzito hufika mbali kuliko kumi na mbili nyepesi.

Hatua ya 5: Jenga hoja ya sifa nne

Rufaa nyingi zilizoandaliwa kwa bidii hukwama hapa. Familia hubishana juu ya viwango kurasa ishirini, halafu haisemi neno juu ya swali lenyewe la kisheria: je, hitaji kuu la mtu huyu ni la kiafya? Mpaka huo ulichorwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1999 kwenye kesi ya Pamela Coughlan. Halmashauri inaweza kubeba uuguzi ambao ni nyongeza tu ya malazi na matunzo, na wa aina ambayo ofisi ya ustawi wa jamii hutarajiwa kuutoa. Ukizidi hapo kwa wingi au kwa aina, mzigo ni wa NHS.

Framework hulipima swali hilo kwa sifa nne. Moja inaweza kutosha. Zaweza pia kuunganishwa.

*Aina ya mahitaji.* Ni mahitaji gani, na anayeyahudumia anahitaji kujua nini? Eleza nini kingetokea matunzo yakifanywa na mtu asiye na mafunzo, hata kwa siku mbili.

*Ukubwa.* Wahudumu wangapi kwa wakati mmoja, mara ngapi kwa saa 24, dakika ngapi kila mara. Piga hesabu ya siku moja kamili kutoka kwenye chati, usiku ukiwemo. Usiku husahaulika, na mara nyingi ndio mzito.

*Uchangamano.* Onyesha namna hitaji moja linavyolifunga jingine. Mzazi haelewi maelekezo, kwa hiyo hukataa kugeuzwa. Asipogeuzwa ngozi huchubuka. Akigeuzwa kwa nguvu hupiga. Maumivu ya kidonda humzidishia hasira. Dawa ya kumtuliza humlegeza, na akilegea hupaliwa. Kila eneo likisomwa peke yake, haya huonekana madogo. Uyaandike kama mnyororo mmoja, kila kiungo na ukurasa wake.

*Kutotabirika.* Hapa watu huchanganya. Kifafa kinachokuja bila dalili hakitabiriki. Mtu anayekataa dawa kila asubuhi anatabirika, hata kama inachosha. Tafuta mabadiliko ya ghafla, simu za usiku kwa daktari, gari la wagonjwa, na mara ambazo mpango wa matunzo ulibidi kuandikwa upya.

Angalia tofauti ya maandishi. Haya ni dhaifu: "Baba ana Parkinson ya muda mrefu na hali yake ni mbaya sana." Haya, kwa mfano tu, yana nguvu: "Kati ya tarehe 1 na 28 Februari alipaliwa mara 9. Mara 4 muuguzi aliitwa kusafisha njia ya hewa, na mara 2 kati ya hizo alikuwa ameshalishwa kwa kufuata maelekezo yote ya mtaalamu. Kurasa 41 hadi 58."

Jibu litakalorudi mara nyingi ni kwamba hali "imedhibitiwa vizuri". Framework inakataza kumnyima mtu kwa sababu hiyo: hitaji linalosimamiwa vizuri bado ni hitaji. Linaondoka kwenye hesabu pale tu matunzo yalipolipunguza au kuliondoa kwa kudumu. Vilevile hawaruhusiwi kuamua kwa kuangalia mzazi anaishi wapi, nani anamhudumia, kama muuguzi maalumu yupo au hayupo, au jina la ugonjwa wake. Ukikuta mojawapo ya sababu hizo kwenye barua, inukuu neno kwa neno.

Hatua ya 6: Kagua utaratibu

Tathmini inapaswa kufanywa na wataalamu wawili au zaidi: wa fani mbili tofauti za afya, au mmoja wa afya na mmoja anayepima mahitaji ya ustawi wa jamii. Uamuzi ulipaswa kutoka ndani ya siku 28 tangu ICB ipokee Checklist iliyovuka. Familia ilipaswa kualikwa na maoni yake kuandikwa. Na ICB ilipaswa kukubali pendekezo la wataalamu isipokuwa kwa sababu za kipekee zilizoelezwa wazi.

Andika kila kasoro kwa sentensi mbili, si zaidi. Kasoro ya utaratibu peke yake huwa inaleta tathmini mpya, haileti ushindi. Ipe sehemu fupi ya waraka wako na uache nafasi kwa mahitaji.

Hatua ya 7: Andika waraka wa hoja

Kurasa 8 hadi 12 zinatosha, bila viambatisho. Anza na nusu ukurasa unaosema unaomba nini na kwa nini. Kisha jedwali la maeneo unayopinga, kisha sifa nne, kisha utaratibu. Malizia na kipindi unachotaka kirudishiwe fedha.

Vitu vitatu visiingie. Cha kwanza ni gharama za makao na hali ya fedha ya familia, kwa sababu CHC haipimi fedha na aya hizo hazina pa kuhesabiwa. Cha pili ni lawama kwa wahudumu. Utawahitaji kama mashahidi. Cha tatu ndicho hukosewa zaidi: matukio ya baada ya uamuzi. Rufaa huhukumu hali ilivyokuwa wakati wa tathmini. Mzazi akianguka na kuvunjika nyonga miezi miwili baadaye, hilo ni la Checklist mpya. Ukilitia kwenye rufaa, unawasaidia kusema kwamba hali ilibadilika baadaye na uamuzi wao wa awali ulikuwa sawa.

Hatua ya 8: Kikao cha ICB

Kwa kawaida kuna mazungumzo yasiyo rasmi kwanza, ambapo ofisa anaeleza walifikiaje uamuzi, kisha kikao rasmi kama hamjaelewana. ICB inatarajiwa kumaliza yote ndani ya miezi 3.

Nenda na mtu wa pili wa kuandika. Ukihitaji mkalimani, mwombe mapema kwa maandishi. Usimtumie kijana wa familia kutafsiri maneno ya kitabibu. Wakianza kusoma maeneo kwa haraka, waombe wasome maelezo ya kiwango kwa sauti, halafu wewe usome ushahidi wako. Usikubali kuondoka bila kujua lini utapata majibu ya maandishi. Baada ya kikao, tuma barua pepe siku hiyo hiyo yenye mambo mliyokubaliana.

Hatua ya 9: Jopo huru la NHS England

ICB ikishikilia uamuzi, una miezi 6 mingine tangu kuarifiwa kuomba Independent Review Panel. Jopo lina mwenyekiti huru, mjumbe kutoka ICB nyingine na mjumbe wa halmashauri ambao hawakuhusika na kesi, na linaweza kuwa na mshauri wa kitabibu. Linaangalia mambo mawili: vigezo vilitumikaje, na utaratibu ulifuatwa au la. Halisikilizi malalamiko juu ya ubora wa makao wala mahali mzazi alipopangiwa.

Utaletewa faili lote kabla ya siku. Likague ukurasa kwa ukurasa, kwani chati za miezi muhimu zinaweza kuwa zimeachwa. Andaa maelezo ya dakika kumi. Wajumbe wamekwisha kusoma, wanachotaka ni kuonyeshwa pa kuangalia. Pendekezo la jopo hukubaliwa na ICB isipokuwa kwa sababu za kipekee.

Hatua ya 10: Ombudsman

Parliamentary and Health Service Ombudsman ni hatua ya mwisho kabla ya mahakama. Huhitaji kupitia kwa mbunge kwa malalamiko ya NHS, na muda wa kawaida ni mwaka mmoja tangu ulipojua tatizo. Haamui upya kama mzazi anastahili. Anaangalia kama uamuzi ulifikiwa kwa njia sahihi, kwa hiyo waraka wa jopo hautoshi kutumwa kama ulivyo. Onyesha ushahidi upi haukujibiwa na sheria ipi haikufuatwa.

Fedha wakati unasubiri

Endelea kulipa. Ukiacha, makao yanaweza kumwandikia mzazi notisi, na rufaa haimkingi. Tunza kila ankara na taarifa ya benki. Ukishinda, marejesho huanzia tarehe ya uamuzi ulioupinga, au siku ya 29 tangu Checklist ipokelewe kama ICB ilichelewa bila sababu.

Kwenye makao yenye wauguzi, aliyekosa CHC anaweza kupata NHS-funded Nursing Care, mchango wa NHS kwa gharama za uuguzi, ambao kwa 2025/26 ulikuwa pauni 254.06 kwa wiki kwa kiwango cha kawaida, na hulipwa moja kwa moja kwa makao. Upokee. Kuupokea hakuondoi rufaa yako. Na mzazi akikubaliwa CHC akiwa makao ya wazee, toa taarifa kwa ofisi ya mafao: Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji matunzo, husimama baada ya siku 28, na usipoarifu, deni litakuja baadaye.

Mambo yakikwama

*Maandishi ya zamu yanasema tu "ametulia, amekula, amelala".* Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote. Yalinganishe na chati za dawa, ripoti za matukio, simu kwa daktari, na ankara za mhudumu wa ziada. Omba muuguzi anayemfahamu aandike maelezo yenye tarehe. Daftari lako la kutembelea nalo ni ushahidi, kama uliliandika siku ile ile.

*Makao hayatoi kumbukumbu.* Mwezi ukipita, andika kwa meneja ukitaja tarehe ya ombi, kisha peleka malalamiko kwa Information Commissioner's Office, msimamizi wa haki za taarifa binafsi. Iarifu ICB kwamba unasubiri, ili wasifunge kesi.

*ICB iko kimya na miezi 3 imepita.* Lalamika rasmi, na uiombe NHS England ipeleke kesi kwenye jopo moja kwa moja. Ina mamlaka ya kufanya hivyo pale uhakiki wa ndani unapochelewesha mno.

*Miezi 6 imepita.* Eleza kwa maandishi kilichokuzuia, na uambatishe uthibitisho kama kulazwa hospitali. Wakikataa, omba Checklist mpya kwa hali ya sasa.

*Hali ya mzazi inashuka kwa kasi na huenda ni ya mwisho.* Achana na rufaa kwa siku hizo. Mwambie daktari au muuguzi anayemhudumia ajaze Fast Track Pathway Tool, fomu ya CHC ya haraka kwa anayekaribia mwisho. ICB inapaswa kuikubali na kuweka huduma kwa haraka, ikilenga saa 48. Rufaa itaendelea baadaye kwa kipindi cha nyuma.

*Mzazi amefariki rufaa ikiendelea.* Haifi naye. Msimamizi wa mirathi anaiendeleza, na atahitaji hati ya mahakama kabla ya marejesho kulipwa. Kumbukumbu za NHS za marehemu huombwa kwa sheria ya Access to Health Records Act ya 1990, kwa hiyo badilisha maneno ya ombi lako.

*CHC imeondolewa baada ya mapitio.* Mapitio hufanyika baada ya miezi 3, kisha kila mwaka, na kazi yake ya kwanza ni kuona kama mpango wa matunzo bado unafaa. Kumwondolea mtu CHC kunahitaji DST mpya kamili. Iweke ya zamani na mpya kando kwa kando, na kwa kila kiwango kilichoshuka uliza: ni hitaji gani limepungua, na ushahidi wa kupungua uko ukurasa upi? NHS haipaswi kukata malipo kabla ya halmashauri kushirikishwa na mpango mwingine wa fedha kuwa tayari, kwa hiyo siku hiyo hiyo andikia pande zote mbili na uulize ni nani analipa kuanzia kesho.